Kisima Kabla ya Barabara: Shajara ya Gede na Lamu

Jumamosi, njiani

Katika kozi yetu ya mipango miji, mifano ya mji endelevu hutoka mbali. Tunasoma Strøget, mtaa wa Copenhagen uliofungiwa magari mwaka 1962. Tunasoma Vauban kule Freiburg, Ujerumani, kitongoji kilichojengwa kwenye iliyokuwa kambi ya jeshi la Ufaransa, ambako mwenye gari huliegesha pembeni na kwenda nyumbani kwa miguu. Mifano hii nimeipenda na nimejifunza mengi kwayo. Lakini ulipofika wakati wa safari ya masomo ya nje ya nchi, Mwalimu wetu alichagua Kenya: Gede, kisha Lamu. Baadhi ya wenzangu walinuna. Mimi nilifurahi, maana bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Pangani, na habari za Amu, kama Lamu inavyoitwa na wenyewe, nimezisikia tangu utotoni kama mtu anavyosikia habari za jamaa wa mbali.

Basi limetoka Dar es Salaam alfajiri. Tumegongewa mihuri mpakani Horohoro, na magharibi tumevuka Likoni kwa feri. Mombasa safari hii ni ya kulala tu.

Jumapili, Gede

Gede iko kilomita kama 16 kusini mwa Malindi, ndani ya msitu. Unapita mibuyu, kima wanakuchungulia juu ya matawi, mara ukuta wa matumbawe unatokea kati ya mizizi. Mji huu uliachwa katika karne ya 17. Mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua kuanzia 1948 hadi 1958, na kaburi moja lenye mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, lilimpa tarehe ya kushikia. Mwaka 2024 UNESCO iliutia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwalimu alitupa kazi ambayo sijawahi kupewa darasani. Asubuhi nzima tusichore ukuta, wala jumba la mfalme, wala msikiti. Tuchore visima tu, na njia ya maji baada ya kutumika: mitaro, vyoo, mahali pa kutawadhia. Tulitawanyika na karatasi zetu. Saa sita tulipozipanga pamoja chini ya mti, mji ulikuwa umejitokeza wenyewe. Visima viliposongamana, ndipo majumba yalipokuwa. Penye kisima kikubwa pana msikiti mkuu. Huko pembeni ambako visima ni haba, hata kuta zilizosalia ni chache, na bila shaka huko ndiko walikokaa watu wa nyumba za udongo ambazo hazikuacha alama.

Eneo lililo ndani ya ukuta wa nje ni eka 45 hivi. Mji wa kale wa Lamu, ule ulioingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni hekta 16 hivi, kwa hiyo miji hii miwili inakaribiana kwa ukubwa. Mmoja una watu, mwingine una kima. Nilimwuliza mzee anayewatembeza wageni kwa nini watu walihama. Akanitajia sababu ambazo wanaakiolojia pia huzitaja: mashambulio, biashara kuhamia kwingine, na maji. Kisha akatupeleka kwenye kisima cha karibu na msikiti mkuu. Kinaonyesha kwamba kilichimbwa tena kwenda chini, kufuata maji yaliyokuwa yakishuka. Tukainama kukitazama mmoja mmoja.

"Wanangu," alituambia, "mji haufi siku moja. Huanza kwa kamba ya ndoo kurefuka."

Kauli hiyo nimeiandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Jumatatu, Malindi hadi Amu

Malindi tumepita kwa haraka. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa 1498, imesimama juu ya mwamba na watalii wanapiga picha. Mimi nilivutiwa zaidi na kituo cha basi.

Kaskazini ya Malindi nchi inafunguka: Gongoni na mashamba yake ya chumvi, halafu nyika, halafu Garsen na mto Tana. Vituo vya ukaguzi ni vingi na kila mara tulishuka na vitambulisho mkononi. Lami imefika hadi Mokowe, na Mokowe ndiyo mwisho wa magurudumu. Hapo basi linageuka, mizigo inashushwa gatini, na kila mtu, tajiri kwa maskini, anapanda boti.

Nilitaka sana kuona mwisho huo wa magurudumu. Strøget ilifungwa kwa amri. Lamu haikuhitaji amri, kwa kuwa gari halikuwahi kupata pa kuingilia. Magari yaliyomo kisiwani ni ya kuhesabika, na ndani ya mji wa kale hayapiti. Tulipopanda ngazi za gati, hamali walikuwa tayari na mikokoteni, na punda wawili wakipakiwa mifuko ya saruji.

Jumanne, Mkomani

Mwenyeji wetu ni mwalimu mstaafu. Wote humwita Maalim, na sisi tukafuata. Ametupitisha Usita wa Mui, mtaa mkuu, ambao zamani ulikuwa jirani wa maji kabla ya ufuo kujazwa na kujengwa gati. Kutoka hapo vichochoro vya Mkomani, sehemu ya kale ya nyumba za mawe, vinapanda magharibi. Nilikuwa na futi kamba, na sehemu nyingi nilizopima hazikufika mita 2.

Maalim akaniuliza, "Unapima nini, mwanangu?"

"Upana, Maalim."

"Pima punda. Punda aliyebeba mawe mbavu mbili, na mtu wa kumpisha. Hicho ndicho kipimo cha mtaa."

Saa saba mchana, kaskazi ikivuma na jua likiwa utosini, tulisimama kwanza Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, kisha tukaingia kichochoroni. Tofauti unaihisi kwenye ngozi kabla hujaingia hatua kumi. Kuta ndefu za pande mbili zinapeana kivuli karibu mchana kutwa. Vichochoro vinavyoteremka pwani vinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: vinaleta upepo wa bahari juu, na mvua ikinyesha vinapeleka maji chini. Kila baada ya hatua chache unapita chini ya wikio, chumba kilichorushwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Kwa familia ni chumba cha ziada. Kwa mpita njia ni kivuli, na wanawake wa nyumba zile mbili huvuka bila kushuka mtaani. Mhandisi wa manispaa yetu angesema jengo limeingia kwenye hifadhi ya barabara na lazima libomolewe.

Hapa niseme la moyoni. Mwaka 2002 Dar es Salaam ilianza Mradi wa Viwanja 20,000. Nimefanya mazoezi ya vitendo Kibada, mojawapo ya maeneo ya mradi ule. Viwanja vimepimwa vizuri na barabara zimenyooka. Mama anayekwenda sokoni anatembea juani kutoka kona hadi kona, bila mti wala ukuta wa kumfunika, kwa sababu upana wa njia ulipangwa kwa ajili ya gari ambalo yeye hana. Tuliita hiyo mipango bora. Leo nimesimama kwenye mji ambao kipimo chake ni mtu anayetembea na mnyama anayebeba, na watu wamesongamana kuliko Kibada mara nyingi, lakini nimepata kivuli kila nilipotaka kusimama kuandika.

Sisemi kila kitu ni kizuri. Mifereji ya wazi inanuka inapoziba. Kinyesi cha punda kinahitaji mtu wa kukizoa kila siku, na siku asipopita unaona. Pikipiki nazo zimeanza kuingia. Mbele yetu Bi mmoja mwenye kapu alijibana ukutani hadi bodaboda ipite, na Maalim alikunja uso. Kichochoro cha mita 2 hakina pa kumkimbia dereva. Wenyeji wengi tuliozungumza nao wanataka pikipiki zibaki nje ya mji wa kale, na mimi nawaunga mkono bila kusita.

Jumatano, ndani

Leo kundi letu liligawanyika mlangoni, na mgawanyiko wenyewe ukawa somo. Tumealikwa kwenye nyumba ya mawe ya zamani, na wenzetu wanaume walikaribishwa dakani, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, wakaletewa kahawa na haluwa. Hapo ndipo mwisho wao. Sisi wanawake tulipita tekani, njia iliyopinda ili macho ya mtaani yasifike ndani, tukatokea kiwandani, ua wa katikati ulio wazi juu. Kisha misana miwili, yaani sebule nyembamba zinazoelekea ua, wa chini na wa juu, kisha ndani, chumba chenye ukuta mzima wa zidaka, vishubaka vya ukutani, zilizochongwa kwa chokaa. Kila chumba kiko juu kidogo kuliko kilichotangulia. Nyuma kabisa ni nyumba kati, ambako zamani wazazi walijifungulia na maiti walioshwa.

Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, na sababu yake iko juu ya kichwa chako. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuruka nafasi inayozidi mita 3 bila kulegea. Kwa hiyo mti wa mkoko ndio uliopanga upana wa chumba, na chumba kikapanga upana wa nyumba. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na ukataji wake umewekewa vizuizi mara kadhaa, kwa sababu nzuri. Lakini kila kizuizi kinamgusa fundi anayetaka kurudisha dari iliyooza, na wengine hukimbilia zege.

Bi mwenye nyumba alitupandisha juu. "Hapa chini ni kwa mamangu," alisema. "Nilipoolewa, babangu alinijengea yuu. Binti yangu ana vyumba vile vya upande wa pili, tunapitia wikioni." Ndivyo ilivyokuwa desturi kwa wenye uwezo: mwanamke haondoki kwao, mume ndiye huja, na baba humwongezea binti chumba au ghorofa. Nimekaa na hilo usiku huu. Darasani tunaita kuongeza msongamano hatua kwa hatua, na tunatafuta sera itakayouruhusu. Hapa uliongezeka kwa ndoa. Kila ghorofa ina jina la binti, na jirani alikubali ukuta wake ubebe boriti kwa sababu alijua kesho ataomba yeye.

Chooni kuna birika la maji, na ndani yake samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Nilipiga picha nyingi kuliko za zidaka.

Kisha fundi, mzee mwenye mikono myeupe kwa chokaa, alitufundisha kusoma kuta. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na kuutoa, na chokaa kinauachia upumue. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, na baada ya muda plasta inabanduka na kipande cha jiwe. Alitupeleka kwenye ukuta uliopakwa saruji akaugonga kwa kifundo cha kidole, tukasikia uwazi. Ujuzi huu haukupotea kwa bahati tu. Msanifu majengo Usam Ghaidan alichunguza nyumba hizi miaka ya 1970, na mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver wakakamilisha mpango wa uhifadhi, na mwaka uo huo mji ukalindwa kisheria. Bila kazi ile, ningekuwa nasoma Lamu kwenye picha.

Lakini uhifadhi umekuja na lake. Nyumba ikitengenezwa vizuri bei yake hupanda, mgeni kutoka ng'ambo hununua, na mwaka mwingi hukaa imefungwa na mlinzi mmoja. Tumeziona. Kuta ni safi, nakshi za mlango zinang'aa, na hakuna anayekaa dakani. Kwangu huo ni upotevu, hata kama jiwe halikuguswa.

Alhamisi, Shela

Ni mwendo wa kilomita 3 hivi kando ya pwani, maji yakiwa yametoka. Kila mtu huja Shela kwa ajili ya ufuo. Sisi tulikuja kwa ajili ya kilicho nyuma yake.

Nyuma ya Shela kuna vilima vya mchanga vinavyoambaa kilomita nyingi upande wa kusini wa kisiwa. Ukivitazama ni jangwa. Mvua inaponyesha, mchanga unaimeza yote, unaichuja, na maji yanajikusanya chini. Kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari, yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka pande zote. Ukiteka kwa kiasi, mvua ijayo hurudisha. Ukiteka kwa pupa, chumvi hupanda kujaza nafasi, na kisima kilichoingia chumvi hakiponi haraka. Mji wote wa Lamu hunywa kutoka hapa. Visima vya ndani ya mji vipo, lakini mji umeongezeka watu na mashimo ya vyoo, na maji yake mengi si ya kunywa.

Maana yake ni kwamba vilima hivi ndivyo tangi la mji, paa lake na chujio lake. Eneo hili limetengwa kisheria. Bado shinikizo la kujenga majumba ya kifahari mchangani halijaisha, kwa sababu mandhari ni ya kupendeza na viwanja vina thamani. Mzee mmoja mvuvi wa Shela alituonyesha kwa fimbo.

"Kila nyumba ile ina bwawa la kuogelea," alisema. "Mai ni haya haya."

Ningepewa kalamu nyekundu moja tu kwa kisiwa kizima, ningeizungushia hapa kabla ya kugusa mji wa kale.

Ijumaa

Hatukupima kitu. Mji uliingia misikitini, maduka yakafungwa, na baada ya swala Maalim alitupeleka Riyadha, msikiti uliojengwa na mwanazuoni Habib Swaleh yapata 1900, pembezoni mwa mji wa wakati ule, ambako hata waliokuwa hawana nafasi kwenye elimu ya wangwana walifundishwa. Mtaa mzima ulikua kuuzunguka. Jioni nimelala mapema.

Jumamosi, Manda

Boti ilisubiri maji yajae ndipo ipite mkondo wa mikoko hadi Takwa, katika kisiwa jirani cha Manda. Mji huu ulianzishwa karibu na 1500 na kuachwa karibu na 1700. Msikiti wake bado umesimama, na nguzo inachomoza juu ya kibla. Wanaotafuta sababu ya kuachwa kwake hutaja tena maji: kisima kuingia chumvi. Watu walivuka kwenda Shela, na watu wa Shela hadi leo wana desturi ya kurudi Takwa kuzuru kaburi na kuomba mvua.

Nilisimama pale kwa muda. Gede kamba ilirefuka. Takwa maji yaligeuka. Shela waliokimbilia walikuta mchanga unaotunza mvua, na sasa mchanga wenyewe unatamaniwa. Hizi kwangu ni sura za habari moja, na sioni kwa nini tunazifundisha kama somo la historia badala ya somo la miundombinu.

Kutoka huko tulikwenda Maweni, upande mwingine wa kisiwa, ambako mawe ya kujengea Lamu hukatwa kwa mkono. Vijana wanachonga matofali ya matumbawe kwa shoka na sururu chini ya jua, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Maji yao ya kunywa huvushwa kwa boti. Wanaojenga mji wa wenzao wananunua maji kwa mtungi, na jambo hili halikutajwa katika hotuba yoyote ya uhifadhi niliyoisikia.

Jioni, pwani, tulizungumza na maseremala kuhusu Flipflopi, jahazi lililojengwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, Ali Skanda akiongoza mafundi, likazinduliwa 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Ufundi ni ule ule wa mbao.

Jumapili, Kandahari na Wiyoni

Hii ndiyo Lamu ambayo vipeperushi haviionyeshi. Wanaoishi huku ni wavuvi, hamali, watu waliohama kutoka kisiwa cha Pate na bara, na watoto wa mji wa kale ambao hawakuweza kununua jiwe. Nyumba ni za matofali ya saruji, mabati au makuti, na nafasi kati ya nyumba na nyumba ni ndogo. Moto ukishika paa la makuti huruka haraka, na kichochoro chembamba kinachoniburudisha Mkomani huku kinamzuia mtu mwenye ndoo.

Tulibishana sana. Mwenzangu mmoja alisema tatizo ni wembamba wa njia. Mama aliyekuwa akikaanga mahamri akasikia, akasema, "Mwanangu, njia si tatizo. Moto ukiwaka bomba halina maji." Nimekubaliana naye. Mkomani ina kuta za mawe zisizoshika moto na misikiti yenye visima kila mtaa. Huku wamepata wembamba bila mawe na bila kisima.

Jumatatu, Kililana na kurudi

Kabla ya basi, tulizunguka kuona bandari mpya upande wa bara. Mradi wa LAPSSET, wa kuunganisha bandari hii na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012 mbele ya marais Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Mpango wote unataja magati 32, na pamoja nayo barabara, reli na miji mipya. Kreni ni kubwa kuliko chochote nilichowahi kuona. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa karibu na hapa ilifutwa na mahakama ya mazingira mwaka 2019, baada ya wananchi kwenda mahakamani, na hilo limenipa heshima kubwa kwa watu wa Lamu.

Sipingi bandari. Vijana tuliokutana nao wanataka kazi, na wana haki. Ninachotaka kujua kabla ya kuona michoro ya mji mpya ni visima vyake viko wapi, vinajazwa na mvua ipi, na nani atakuwa wa kwanza kupungukiwa kiangazi kikishika.

Ndani ya basi nimemwandikia msimamizi wangu kubadilisha mada ya tasnifu. Kigamboni, Kibada ikiwemo, inategemea sana visima, na mwamba wa maji wa Kimbiji, tabaka linalohifadhi maji, uko chini ya ardhi inayouzwa kiwanja kwa kiwanja. Nimeomba nianze na visima: kuvichora vyote kata moja, vya watu na vya umma, kina chake, chumvi yake, na umbali wake na vyoo, kisha juu ya ramani hiyo nichore njia za miguu zenye kivuli kutoka nyumba hadi kisimani na sokoni. Barabara za magari nitaziweka mwisho. Mwalimu ameisoma barua akiwa kiti cha mbele, amekata sentensi mbili, na ameniambia nisubiri masika ndipo nianze kupima, ili nione maji yanasimama wapi.